Damu haisubiri helikopta

Mzee aliniambia nikae kwenye benchi ninyooshe mguu. Ni askari tabibu mstaafu, nywele nyeupe, mikono haitetemeki, na siku hizi anafundisha huduma ya kwanza kwa vijana wa bodaboda katika darasa la kuazima. Alipitisha mkanda mweusi wa kubana damu juu ya paja langu, karibu kabisa na nyonga, akauvuta mpaka kidole hakipiti. Kisha akashika kijiti chake cha plastiki akaanza kukizungusha. Mzunguko wa kwanza niliuona wa kawaida. Wa pili nikakunja uso. Wa tatu nikamshika mkono.

"Bado, mwanangu," akasema, huku vidole vyake viwili vikitafuta mapigo juu ya wayo wangu. "Hapa bado panadunda. Pakidunda hapa, damu inapita, na kama pana tundu njiani itatokea kwenye tundu."

Akaongeza nusu mzunguko, akakifungia kijiti mahali pake, akatazama saa, akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika muda kwenye kibandiko cheupe cha mkanda. Maumivu yalinishangaza. Nilikuwa mzima, nimekaa kwenye benchi, hakuna anayenipiga risasi, na bado nilitaka kumwomba aulegeze. Akasoma uso wangu. "Majeruhi atakulilia uulegeze. Atakutukana, atakutajia mama yako. Usiulegeze."

Tunapozungumzia nguvu ya jeshi huku kwetu, maneno huishia kwenye vifaru, ndege na magwaride ya sikukuu za kitaifa. Ni nadra kumsikia mbunge, mwandishi wa habari au mzazi mwenye mtoto jeshini akiuliza askari wa kawaida ana nini ndani ya pauchi yake ya huduma ya kwanza, na kama anaweza kukitumia gizani, mvua ikinyesha, mikono ikiteleza kwa damu. Naamini swali hilo ndilo linaloamua wangapi watarudi nyumbani wakitembea, wangapi kwa machela na wangapi ndani ya jeneza lililofunikwa bendera. Askari tabibu, yaani yule anayekwenda na kikosi msituni akiwa na bunduki begani na begi la dawa mgongoni, hata awe hodari namna gani, hawezi kuwafikia majeruhi wote kwa wakati. Kazi yake kubwa hufanyika miezi mingi kabla ya risasi ya kwanza, anapowafundisha wenzake. Na hawezi kuifanya kama kamanda wake hajaipa nafasi kwenye ratiba.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inatisha. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu mzima mwenye afya anaweza kumaliza damu ya uhai wake ndani ya dakika chache. Katika majeshi mengi askari tabibu mmoja hubeba platuni nzima, watu thelathini na kitu, waliotawanyika kwenye kichaka au kando ya barabara. Wakipigwa watatu kwa mpigo mmoja, awahi kwa nani? Huyo wa kwanza atakayemfikia ana bahati. Wengine wawili wako mikononi mwa yeyote aliyelala jirani yao kwenye tope.

Mwaka 2012 madaktari wa jeshi la Marekani wakiongozwa na Brian Eastridge walichapisha uchambuzi wa vifo 4,596 vya askari wao vitani kati ya 2001 na 2011. Takriban asilimia 87 walikata roho kabla ya kufika hospitali yoyote. Kati ya hao waliokufa njiani au palepale walipoangukia, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo kitaalamu yangeweza kuokolewa, na katika kila kumi wa kundi hilo, tisa waliuawa na kuvuja damu. Hospitali za kivita zenye madaktari bingwa na benki za damu zilikuwa zikiwasubiri watu ambao hawakufika.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba dawa ya sehemu ya tatizo hili ilikuwapo zamani. Daktari Mfaransa Jean-Louis Petit alitengeneza kifaa cha kubana mshipa kwa skrubu mnamo 1718. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini madaktari waliuogopa mkanda wa kubana damu. Waliona miguu iliyokufa kwa sababu mkanda ulisahauliwa kwa saa nyingi, wakahitimisha kwamba mkanda wenyewe ndio adui, na vizazi vya wahudumu vikafundishwa kuutumia mwisho kabisa, pale ambapo mengine yote yameshindikana. Inakadiriwa kuwa zaidi ya askari 2,500 wa Marekani walikufa Vietnam kwa damu iliyovuja kutoka mkononi au mguuni. Mkononi au mguuni, mahali ambapo mkanda unashika!

Mabadiliko yalianzia kwa Frank Butler, daktari aliyekuwa komandoo wa majini kabla ya kusomea udaktari. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha mwongozo mpya wa matibabu katikati ya mapigano. Ulisema wazi jambo ambalo madaktari wa hospitalini hawakuwa wamelizingatia: kanuni za chumba cha dharura cha mjini haziwezi kuhamishiwa uwanja wa vita kama zilivyo. Mjini unaanza na njia ya hewa. Vitani unaanza na damu. Mjini hakuna anayekupiga risasi ukiwa umeinama juu ya mgonjwa. Wakagawa kazi katika vipindi vitatu: chini ya risasi, baada ya kupata kificho, na njiani kwenda hospitali. Kila kipindi kina kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, na chini ya risasi kilichoruhusiwa kwa majeruhi ni kidogo mno. Jibu mashambulizi, mwambie naye ajibu kama anaweza, mvute nyuma ya kificho, funga mkanda juu kabisa ya kiungo hata juu ya nguo. Mengine yote yasubiri.

Watu wengi hushtuka wakiambiwa kwamba tabibu wa kivita anaanza kwa kupiga risasi. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda mhudumu wa afya wa jeshi asishambuliwe, na inamruhusu kuwa na silaha nyepesi ya kujilinda yeye na majeruhi wake. Lakini makundi yanayovamia kambi usiku huko mashariki mwa Kongo hayaheshimu msalaba mwekundu, na tabibu akiinuka kukimbilia majeruhi wakati bunduki ya adui bado inalia, kikosi kinapata majeruhi wawili na kinabaki bila tabibu. Kungoja dakika moja ukimsikia mwenzako akiita jina lako, huku ukijua hupaswi kwenda bado, nadhani ndiyo sehemu nzito kuliko zote za kazi hii. Mzee wangu aliigusia mara moja tu, akabadilisha mazungumzo.

Hata baada ya mwongozo ule wa 1996 ushawishi ulikwenda polepole. Marekani, nchi yenye bajeti ya ulinzi kubwa kuliko zote duniani, ilipoingia Iraq mwaka 2003, askari wake wengi hawakuwa na mkanda wa kisasa. Ulianza kugawiwa kwa wingi mwaka 2005. Mwaka uliofuata, katika hospitali ya kijeshi jijini Baghdad, daktari John Kragh alianza kuhesabu. Kati ya majeruhi 232 aliowafuatilia katika utafiti wake wa kwanza, waliofungwa mkanda kabla hawajaingia kwenye mshtuko wa kupungukiwa damu, asilimia 90 walipona. Waliofungwa baada ya mshtuko kuanza, asilimia 10. Mkanda ni uleule, paja ni lilelile, tofauti ni dakika. Na hakuna hata mmoja aliyekatwa kiungo kwa sababu ya mkanda peke yake.

Kikosi kilicholielewa hili mapema kuliko vingine ni cha makomandoo wa miguu wa Marekani, Rejimenti ya 75 ya Ranger. Walijifunza kwa uchungu, na walijifunzia jirani na sisi, Mogadishu, Oktoba 3 na 4, 1993. Wamarekani 18 walikufa katika mapigano yale, na Wasomali mamia. Askari mmoja kijana alipigwa juu kabisa ya paja, kwenye kinena, pale ambapo mkanda hauna pa kushika. Tabibu wake alihangaika naye kwa saa kadhaa ndani ya nyumba waliyokuwa wamejificha, akibana kwa mikono na kumtundikia maji. Msafara wa kumtoa haukupenya. Alikufa.

Miaka michache baadaye Stanley McChrystal, aliyekuwa akiiongoza rejimenti hiyo, aliweka vipaumbele vinne vya mafunzo: shabaha, nguvu ya mwili, mbinu za vikosi vidogo, na huduma kwa majeruhi. Uzito mmoja. Mpishi, dereva, karani, kamanda mwenyewe, kila mtu alipaswa kujua kufunga mkanda, kubandika kifua kilichotobolewa, kufungua njia ya hewa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2011 ulitazama karibu miaka minane na nusu ya vita Afghanistan na Iraq: Ranger 419 walipigwa, 32 walikufa, na hakupatikana hata mmoja aliyefia nje ya hospitali kwa jeraha lililoweza kuzuilika. Mikanda mingi ilifungwa na watu wasio matabibu. Linganisha na ile robo ya jeshi zima. Vifaa walivyotumia havikuwa vya ajabu. Kilichowatofautisha ni kwamba kamanda alilichukua jambo la majeruhi kuwa lake, hakulisukumia hema la waganga.

Sasa niseme kidogo kuhusu begi lenyewe, kwa sababu ukilifungua unasoma historia yote hii kwa vidole.

Kwanza ujue kuna mabegi mawili. Lipo la tabibu, na ipo pauchi ndogo ya kila askari. Kanuni ni kwamba unamtibu majeruhi kwa pauchi yake mwenyewe. Ukitumia yako, wewe ukipigwa dakika tano baadaye utakuwa mtupu. Ndiyo maana pauchi inatakiwa kukaa mahali pamoja kwa askari wote wa kikosi, ili mkono uikute hata usiku wa giza nene. Ndani yake kuna mkanda, na wengi hubeba wa pili nje ya pauchi ili uchomoke haraka. Kuna shashi iliyopakwa kaolini, udongo mweupe unaoharakisha damu kuganda. Hiyo ndiyo ya kinena na kwapa, unaishindilia ndani ya jeraha mpaka chini kabisa inapotoka damu, kisha unakandamiza kwa mikono miwili dakika tatu kamili bila kuchungulia. Kuchungulia ndiyo kosa la kila anayejifunza. Kuna bendeji ya kubana. Kuna mrija laini wa puani kwa aliyepoteza fahamu, na vibandiko vya kufunika tundu la kifua ili hewa isinyonywe kupitia kwenye jeraha.

Kwenye begi la tabibu kuna sindano nene ya urefu wa sentimita nane hivi, ya kutoboa kifua kilichojaa hewa iliyonaswa na kulibana pafu. Ukiichoma mahali pake hewa inatoka na mtu aliyekuwa anabadilika rangi anavuta pumzi. Kuna ketamini ya maumivu. Kuna asidi ya traneksamiki, dawa iliyogunduliwa Japani na mama mmoja mwanasayansi, Utako Okamoto, na mumewe katika miaka ya 1960. Utafiti mkubwa wa 2010 uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha kwamba inapunguza vifo ikitolewa mapema, na ikipita saa tatu tangu kuumia haifai tena. Bei yake ni ndogo. Kina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua wanapewa dawa hiyohiyo.

Kuna pia blanketi. Wengi hulidharau kwa sababu vita vya huku kwetu viko kwenye joto, nani atahitaji blanketi Kongo? Lakini mwili uliopoteza damu haujitengenezei tena joto la kutosha. Majeruhi anaweza kupoa akiwa kwenye jua la mchana, sembuse amelala kwenye nyasi zilizolowa usiku. Na damu iliyopoa haigandi vizuri, kwa hiyo baridi inafungua upya kile ulichofunga. Mzee aliniambia kwamba katika mazoezi humpigia kelele mwanafunzi aliyefunga mkanda vizuri akamwacha majeruhi chini kwenye ardhi bila kitu mgongoni.

Kitu kimoja kilichopungua kwenye mabegi ya kisasa ni chupa za maji ya dripu. Hapa nitawakera baadhi ya wasomaji, maana kwetu mgonjwa asipotundikiwa maji ndugu wanaona hajatibiwa. Mwaka 1994 madaktari wa Houston walitoa matokeo ya wagonjwa 598 waliopigwa risasi au kuchomwa kisu kiwiliwilini. Waliowekewa maji mapema, kabla ya upasuaji, asilimia 62 walinusurika. Waliocheleweshewa maji mpaka wafike chumba cha upasuaji, asilimia 70. Maji ya chumvi yanaizimua damu, yanapandisha msukumo na kuling'oa bonge ambalo mwili umejitengenezea. Aliyepoteza damu anahitaji damu, na baadhi ya vikosi sasa vinapanga kabla ya operesheni askari gani wa kundi O watachangia palepale porini mwenzao akianguka.

Narudi nyumbani. Jioni ya Desemba 7, 2017, kambi ya askari wa Tanzania waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na watu walioaminika kuwa waasi wa ADF. Watanzania 15 waliuawa, zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni. Waliokuwapo ndio wenye haki ya kusimulia usiku ule, na mimi nawainamia. Miaka minne kabla yake, Julai 2013, Watanzania saba walikuwa wameuawa Darfur na wengine 17 kujeruhiwa katika shambulio la kuvizia. Hizi ni familia zetu.

Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuhusu Semuliki, ulioongozwa na Mrusi Dmitry Titov, ulitaja upungufu katika mafunzo ya kikosi, lakini haukuishia kwa askari. Ulisema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu walinda amani wake au kuwatoa, na kwamba ukosefu wa usafiri wa anga, wahandisi na taarifa za kiintelijensia ulikuwa kikwazo kikubwa. Ukisoma maneno hayo kwa jicho la tabibu, yanasema kwamba hata aliyebanwa damu vizuri alikuwa hatarini, kwa sababu gari lingekwama na ndege isingekuja.

Na hapa lazima niseme jambo dhidi ya hoja yangu mwenyewe ili isionekane mkanda ni muujiza. Katika ule uchambuzi wa Eastridge, theluthi mbili hivi ya damu iliyoua ilikuwa ya ndani ya kiwiliwili, kifuani na tumboni. Hakuna mkanda wa kufunga tumbo. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji, na mapema. Ndiyo sababu Robert Gates, akiwa waziri wa ulinzi wa Marekani, aliamuru mwaka 2009 kwamba majeruhi Afghanistan wafikishwe hospitali ndani ya dakika 60, na helikopta zikaongezwa mpaka amri ikatekelezeka. Umoja wa Mataifa nao una kipimo chake, wanakiita kumi-moja-mbili: ndani ya dakika 10 damu ibanwe na njia ya hewa ifunguliwe, ndani ya saa 1 huduma ya juu ya kuokoa maisha, ndani ya saa 2 upasuaji wa kuokoa uhai. Ni kipimo kizuri. Dakika zile kumi ni za askari na tabibu wake. Saa zile mbili ni za helikopta, na katika misheni nyingi helikopta hizo ni za kukodi, marubani wake ni raia, na usiku au penye risasi haziruhusiwi kutua.

Januari 2025 Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Uwanja wa ndege ukafungwa. Afrika Kusini ilipoteza askari 14, jeshi la Tanzania, JWTZ, likatangaza vifo vya askari wake wawili na wengine kujeruhiwa. Baadhi ya majeruhi wa Afrika Kusini walikaa wiki kadhaa kabla ya kutolewa kupitia Rwanda. Mtu anayesema mafunzo ya tabibu wa kivita yaishie kwenye kubana damu na kungoja ndege aitazame Goma. Aitazame na Ukraine, ambako droni zimefanya kumtoa majeruhi mchana kuwa kama kujiua, na madaktari wanapokea watu waliofungwa mkanda kwa saa nyingi, wengine bila sababu ya msingi, wakapoteza miguu ambayo ingeweza kupona. Ile hofu ya madaktari wa zamani haikuwa ya kijinga. Ndiyo maana muda unaandikwa kwenye mkanda. Ndiyo maana tabibu, akishapata kificho, anapaswa kukagua kabla ya saa mbili kama anaweza kuubadilisha kwa shashi na bendeji, na akiukuta umepita saa sita asiuguse, auache kwa hospitali. Anapaswa kujua kumtunza mtu kwa siku mbili: kumgeuza, kumpa maji ya kunywa inapofaa, kupima mkojo, kusafisha kidonda, kuandika kila kitu kwenye kadi. Hii ni kazi ya uuguzi, ya subira, na hakuna anayeipigia makofi kwenye gwaride.

Jina la Kariakoo, ambalo sisi wa Dar es Salaam tunalitamka kila siku, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndugu zetu walibeba risasi, unga na majeruhi mabegani kutoka Kenya mpaka kusini mwa Tanganyika, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Waliowabeba wengine hawakuwa na wa kuwabeba. Kila nikipita pale na kusikia makondakta wakilitaja jina hilo, nakumbuka kwamba ardhi hii imeshawahi kuonyeshwa vita isiyojali majeruhi inavyokuwa.

Tufanye nini basi? Katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa nchi inayopeleka kikosi ndiyo inayokuja na vifaa vya askari wake, kisha inarejeshewa fedha. Kwa hiyo pauchi ya kijana wa Kitanzania, Kenya au Burundi iko mikononi mwa serikali yake, na wabunge wetu wana haki ya kuiuliza. Waulize kama kila askari anayepanda ndege ana mkanda wake halisi. Nasema halisi kwa sababu soko la mtandaoni limejaa mikanda ya bandia inayofanana kabisa na ile ya kweli kwenye picha, na kijiti chake kinavunjika mzunguko wa pili. Waulize kama mikanda ya mazoezi inatengwa na ya kazi, maana iliyovutwa mara nyingi inachoka. Waulize saa ngapi za ratiba ya mafunzo ni za majeruhi, na kama luteni na meja nao hulala kwenye tope kufungwa na kufunga. Na wanapojadili helikopta, waulize inaruka usiku au hairuki.

Siombi siri za jeshi. Idadi ya bunduki ibaki kwao. Lakini aliyezaa mtoto akamtoa kwa taifa anastahili kujua kwamba jirani wa mtoto huyo handakini anajua kumbana damu.

Darasa la mzee lilipokaribia kwisha alitoa khanga kuukuu na mwiko wa ugali. Mkanda wa dukani ni bora, alisisitiza, na kitambaa kilichofungwa fundo tu hakibani vya kutosha. Lakini barabarani usiku, kijana wa bodaboda akiwa amelaliwa na pikipiki na mguu unamwaga damu, mara nyingi utakuwa na khanga. Akaikunja mpaka ikawa na upana wa vidole vinne, akaizungusha kwenye paja la kijana mmoja, akafunga fundo, akalaza mpini wa mwiko juu yake, akafunga fundo la pili, akaanza kunyonga. Kijana akauma meno. Mzee akapapasa wayo, akanyonga tena, akaufunga mpini usirudi nyuma.

Kisha akatupanga wawiliwawili na kumwambia mmoja azime taa. Tulisikia khanga zikikunjwa, mtu akiguna, mwiko ukianguka sakafuni na mwenyewe akiutafuta kwa mikono. Taa ilipowashwa mzee alipita kwenye kila wayo na vidole vyake viwili. Kwangu alisimama kidogo.

"Bado panadunda," akasema. "Zima taa, turudie."